Pembe Zinazoimbwa: Safari ya Burat

Ukutani mwa Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi zimetundikwa taswira za watu wa Kenya zilizochorwa na Joy Adamson, kazi aliyokabidhiwa na serikali ya kikoloni mwaka 1949 ili mavazi na mapambo ya makabila yawekewe kumbukumbu kabla hayajafifia. Na mtu akisimama mbele ya taswira hizo kwa utulivu, akafuatisha kwa jicho shanga baada ya shanga, na mikunjo ya ngozi, na kung'aa kwa shaba, hana budi kuustahi mkono uliozichora, kwa kuwa ulikuwa mkono wenye subira na uaminifu. Hata hivyo, kila nilipozidi kuzitazama ndivyo nilivyozidi kuona kwamba watu wale wamesimamishwa kimya. Wamevaa mavazi ya ngoma pasipo ngoma, na mapambo ya arusi pasipo vigelegele, na aghalabu vinywa vyao vimefumbwa.

Jambo hili lilinigusa zaidi kwa sababu mchoraji mwenyewe hakuwa mgeni wa muziki. Alizaliwa mwaka 1910 katika ile sehemu ya Silesia iliyokuwa chini ya dola ya Austria, akasomea piano mjini Vienna kabla ya majaaliwa kumleta Kenya mwaka 1937. Na baada ya kuolewa na George Adamson, bwana nyama wa Jimbo la Mpaka wa Kaskazini, maskani yao yakawa Isiolo. Hapo ndipo alipolelewa simba jike Elsa tangu mwaka 1956, na kutokana na malezi hayo kikatoka kitabu mwaka 1960, na kutokana na kitabu ikatoka filamu mwaka 1966, na kutokana na filamu ukatoka wimbo, Born Free, ambao John Barry aliutungia sauti na Don Black akautungia maneno, ukaimbwa na Matt Monro na kutunukiwa Oscar. Ni wimbo mzuri, wala sina nia ya kuutia dosari. Lakini ukiusikiliza tangu mwanzo hadi mwisho hutasikia ndani yake upepo wa Isiolo, wala kengele ya ng'ombe, wala neno la lugha hata moja katika lugha zisemwazo huko. Taswira, kitabu na wimbo vilichimbuka katika ardhi moja, kisha vikaachana njiani, kila kimoja kikashika njia yake.

Nilikuwa nikilitafakari hilo nilipoalikwa kwenda Burat, kando ya mji huo huo wa Isiolo. Walionialika ni vijana wawili wa Nairobi: mmoja ni mwanamuziki wa ule mtindo uitwao muziki wa majaribio, ambaye ala yake kubwa ni kinasa sauti, na mwenzake ni binti mchoraji atumiaye makaa na wino. Walikuwa wametia nia ya kutengeneza kitabu chenye nyimbo. Si kitabu cha picha kilichopachikwa santuri nyuma yake ili kipate bei, bali kitabu ambacho kila ukurasa wake umezaliwa saa moja na sauti yake. Mwalimu mmoja mzaliwa wa Burat alikuwa amewaombea ruhusa kwa wazee, nami nikatakiwa kuandika maelezo. Nilikubali upesi, maana nilitaka kujua kama vitu vile vitatu vinaweza kukaa pamoja mahali pale pale vilipoachana.

Njia ya Isiolo ni kiasi cha kilomita 285 kutoka Nairobi, na uzuri wake wote umo katika sehemu ya mwisho. Ukishapita Karatina na Nanyuki unapanda hadi Timau, penye mashamba ya ngano yasiyokatika na baridi ya Mlima Kenya inayopenya nguo. Kisha barabara inaanza kuteremka, na kwa muda mfupi mno ngano inakoma, hewa inakuwa nzito na ya joto, abiria wanavua makoti, na migunga inatokea pande zote mbili za njia. Mji wenyewe umejaa maneno. Sokoni nilisikia Kiborana, Kisomali, Kimeru, Kiturkana na Kisamburu kabla sijafika mwisho wa safu moja ya vibanda, na baina ya lugha hizo Kiswahili kikipita huku na huku kuwaunganisha watu katika bei; wanawake waliuza maziwa ya ngamia kutoka katika madumu ya manjano, na karibu nao miraa ilifungwa katika majani ya mgomba.

Burat ni wadi iliyo upande wa magharibi ya mji huo, nayo imegawanyika kwa namna inayoonekana wazi kwa macho. Palipo na mto Isiolo, ushukao kutoka miteremko ya Mlima Kenya, watu wamechimba mifereji, na humo kuna vitunguu, nyanya, mahindi na migomba, na mlio wa pampu za maji tangu alfajiri. Lakini hatua chache tu nje ya maji hayo majani yanakwisha, vumbi jekundu linaanza, na hapo ndipo penye maboma ya wafugaji, wengi wao Waturkana. Mkulima na mchungaji husikiana kwa sauti kabla ya kuonana. Mwanamuziki wetu alipotega maikrofoni yake mpakani mwa pande hizo mbili, iliyovikwa manyoya ili upepo usiingie, alituvika vipokea sauti kwa zamu. Sikio la kulia likajaa pampu na maji, sikio la kushoto mbuzi na mluzi wa mtoto. Yule binti hakuchora kitu. Alikaa chini ya mgunga, akafumba macho, akasema kwamba bado hajasikia mstari.

Alikuja kuusikia kwa mzee mmoja, na hapa sina budi kueleza desturi kwa urefu, kwa kuwa pasipo kuijua hiyo mambo mengine yote hayatafahamika. Miongoni mwa Waturkana, na kadhalika jamaa zao Wakaramoja wa Uganda, mwanamume huchagua katika zizi lake maksai mmoja ampendaye kuliko wote. Pembe za mnyama huyo, tangu akiwa mdogo, huelekezwa kwa mkono ziote kwa umbo alilolitaka mwenyewe: moja iende mbele na nyingine nyuma, au zote mbili zikunjane juu ya kipaji, au zisimame wima. Huvishwa kengele shingoni. Mwanamume naye hujitwalia jina litokanalo na rangi ya ngozi ya maksai wake au umbo la pembe zake, akaitwa kwa jina hilo na wenzake, na humtungia wimbo ambamo rangi hizo, na madoa hayo, na pembe hizo hutajwa na kusifiwa. Kisha ngoma inapochezwa, mwenye wimbo huinua mikono juu ya kichwa chake, nayo ikashika umbo la pembe za maksai anayemwimba, hata mtu aliye mbali asiyesikia maneno akamtambua mnyama kwa kuangalia viwiko.

Tazama basi ni mambo mangapi yaliyokusanyika hapo. Pembe ni kazi ya sanaa iliyochongwa katika kiumbe hai kwa miaka. Wimbo ni maelezo ya taswira hiyo. Jina la mtu ni ufupisho wa wimbo. Na mwili wa mchezaji ni mchoro unaochorwa upya kila aimbapo. Hakuna aliyekuja na picha akamtafuta mwanamuziki wa kuipamba, wala aliyekuja na wimbo akaagiza jalada.

Mzee aliyetupokea alikuwa amempoteza maksai wake katika ukame ule mrefu ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, mvua zikakosekana msimu baada ya msimu hadi mwaka 2023, mifugo ikafa kaskazini yote. Kengele alikuwa nayo bado, imetundikwa ndani. Mjukuu wake, aliyekuwa akitutafsiria, alituambia kwamba babu hakuwa ameimba wimbo ule tangu siku hizo, na kwamba asilazimishwe. Nasi tukanyamaza, tukanywa chai, tukazungumza habari za shule na bei ya mbuzi. Jua lilipopungua ukali, mzee mwenyewe akasimama. Alifunga shuka vizuri begani, akajisafishia koo, akainua mkono wa kulia wima kabisa, na wa kushoto akaukunja kupita mbele ya paji la uso, vidole vikielekea chini.

Aliimba kwa sauti ndogo iliyokwaruza. Mwanamuziki alikuwa ameweka maikrofoni moja mbele ya kifua na nyingine chini ardhini, karibu na miguu, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba pigo la kisigino ni sehemu ya wimbo. Na yule binti, ambaye kutwa nzima makaa yake yalikuwa safi, akaanza kuchora mkono wa kushoto tu. Mzee kila alipomaliza sifa moja alikishusha kiwiko kidogo, akavuta pumzi, akakirudisha. Naye kila kiwiko kilipopanda akavuta mstari mpya pembeni mwa ule wa kwanza, asifute kitu. Karatasi ikajaa. Akachukua ya pili, akaiweka kando ya ile ya kwanza. Na ya tatu, na ya nne. Mjukuu akazishika ncha zisipeperushwe na upepo. Wimbo ulipokwisha, palikuwa na safu ya mikono iliyopinda ikitambaa chini kutoka mlangoni hadi karibu na zizi, na mtu angeweza kuifuata kwa kidole huku akiusikiliza wimbo tena katika vipokea sauti, pumzi kwa pumzi. Jioni ile ile karatasi ziliungwa kwa gundi ya unga, na hapo ukurasa wa kwanza wa kitabu ukapata urefu wake.

Mzee aliifuata safu ile kwa kuinama, akitembea polepole. Alipofika mstari fulani akasimama na kusema kwamba hapo pembe imekosewa, haikuwa imepinda hivyo. Na mchoraji akampa kipande cha makaa, naye akapiga mstari wake juu ya ule wa binti, mzito na mfupi. Haukufutwa hata mmoja.

Ulimwengu wa muziki wa majaribio umekuwa ukilitafuta jambo la namna hii kwa muda mrefu, na inafaa tuwape watafutaji haki yao. Mwaka 1944 mjini Cairo, Halim El-Dabh alichukua mashine ya kunasia sauti katika waya, akanasa nyimbo za wanawake katika ngoma ya zar, kisha akazichezea sauti hizo studioni mpaka maneno yakayeyuka na kubaki mwangwi. Kazi hiyo huhesabiwa miongoni mwa za mwanzo kabisa duniani katika muziki wa vyombo vya umeme, nayo ni ya Mwafrika. Huko Marekani mwaka 1969 John Cage alishirikiana na mchoraji Alison Knowles kutoa kitabu kiitwacho Notations, walimokusanya miswada ya watungaji 269, na katika kurasa zake nota za kawaida hukaa jirani na madoa, na mistari, na ramani, ili mpigaji aamue mwenyewe jicho lake linaliambia sikio lake nini. Mwingereza Cornelius Cardew naye aliandika Treatise, kurasa 193 za michoro mitupu isiyo na maelezo. Nawaheshimu watu hao. Lakini michoro ya Cardew humwacha mpigaji peke yake na karatasi, ilhali Burat mstari una mwenyewe, na mwenyewe yupo, na akiona umekosewa husema.

Kwetu pia pamekuwapo majaribio. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti Binti Saad alimhifadhi kwa kalamu mwimbaji ambaye sauti yake ilinaswa katika santuri huko Bombay mwaka 1928. Lakini msomaji wa kitabu humjua asimsikie, na msikilizaji wa santuri humsikia asimjue. Nairobi, nyumba ya sanaa ya GoDown, iliyofunguliwa mwaka 2003 katika maghala ya eneo la viwanda, iliwaweka chini ya paa moja wachoraji wa Kuona Trust na, baadaye kidogo, studio ya Ketebul ya Tabu Osusa. Na kutoka Ketebul zikaanza kutoka mwaka 2008 zile kazi za kufuatilia historia ya benga na miziki mingine ya Kenya, ambazo kila moja ina kitabu cha maelezo na picha, na nyimbo zenyewe, na filamu, ndani ya jalada moja. Tangu mwaka 2011 Ketebul na wenzao wa Abubilla Music wamekwenda vijijini na studio ya kubebeka katika mradi wao wa Singing Wells, uliopewa jina kutokana na visima vya huku huku kaskazini, ambako wachungaji husimama ngazi kwa ngazi ndani ya shimo wakipokezana ndoo kwa nyimbo. Vijana wa Just A Band, walioanzia Chuo Kikuu cha Kenyatta, walitunga, wakachora, na wakatengeneza video zao wao wenyewe, na ile ya mwaka 2010 ilimfanya mhusika wake, Makmende, kuwa shujaa wa nchi nzima. Katika hawa wote nawapenda zaidi wale waliokwenda kwa mwenye wimbo.

Na yupo KMRU, ambaye jina lake ni Joseph Kamaru, mjukuu wa yule Joseph Kamaru mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Mwaka 2022 alitoa kazi iitwayo Temporary Stored, ambamo alitumia sauti kutoka katika hazina ya makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, sauti za Waafrika zilizonaswa na kupelekwa huko. Mwanamuziki wetu aliibeba kazi hiyo katika simu yake, na usiku mmoja alituwekea tuisikilize nje ya boma. Nami niliposikia sauti zile zikitokeza na kuzama katika uvumi wa mashine, nilifahamu kwa nini kijana huyu alikuwa mkali juu ya jambo moja, kwamba hakuna sauti itakayotoka Burat kabla haijasikilizwa Burat na mwenyewe. Sauti ya mtu ni amana. Mtu aliyenaswa sauti yake asijue ilikokwenda amedhulumiwa, hata kama aliyeichukua aliipenda na kuitunza kwa adabu zote.

Kanuni hiyo ilizaa matunda kwa mama mmoja aliyekuwa akisuka maziwa. Kibuyu chake kilining'inizwa kwenye tawi kwa ukanda wa ngozi, naye akakisukuma na kukivuta asubuhi, akimung'unya wimbo usio na maneno mengi. Kijana alimwomba ruhusa, akabandika maikrofoni ndogo, bapa kama shilingi, ubavuni mwa kibuyu kwa utepe, na ndani yake ikasikika bahari: mawimbi mazito yakivunjika kwa mpango. Alipomvika mama vipokea sauti na kumrudishia sauti yake, mama alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akainua kidole.

“Hapa bado, mwanangu,” alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. “Maji matupu. Ngoja.” Akangoja, kidole juu. “Hapa. Siagi imeshika. Sikia imekuwa nzito.”

Sisi wengine tulikuwa tumesikia mvumo mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Kijana alirudisha sauti nyuma mara nyingi, na kila mara kidole cha mama kikainuka pale pale, mpaka masikio yetu nayo yakaanza kulitambua badiliko, mlio ukipoteza ukali wake na kuwa kishindo kilichofumbwa. Mchoraji akamwomba amwongoze: penye maji atie wino mwepesi, penye siagi atie mzito. Mama akakaa karibu naye, mkono wake juu ya mkono wa binti, na hivyo ndivyo ukurasa wa pili ulivyochorwa, wino mwepesi ukitanda upande wa kushoto na kugeuka ghafla kuwa mweusi karibu na ukingo. Nimeziona taswira nyingi za wanawake wa kaskazini wakisuka maziwa, katika vitabu vya wageni na katika kadi za posta, nzuri za kutosha. Hakuna hata moja iliyoniambia kwamba mwanamke yule alikuwa akisikiliza.

Usiku wa kuamkia siku ya kuondoka palifanyika mashauri, na hayakuwa mepesi. Mzee alitaka kujua kitabu kitauzwa wapi na bei gani, akauliza kwa nini mtu wa mbali apate kuusikia wimbo wa maksai wake kabla ya watoto wa Burat, ambao wengi wao sasa hawana ng'ombe wa kuwaimbia. Ilikubaliwa kwamba majina ya wenye sauti yatapigwa chapa jaladani pamoja na ya vijana, kwa herufi za ukubwa ule ule. Kwamba fedha zigawanywe kwa hesabu itakayoandikwa na kusomwa mbele ya wazee. Na kwamba nakala za kwanza zipelekwe shuleni. Juu ya sauti zenyewe, mjukuu alitoa shauri ambalo wenye studio wasingelifikiri: huku hakuna mwenye gramafoni, na wengi hawana intaneti ya kutumainiwa, lakini kila boma lina redio ndogo ya betri yenye tundu la kadi, na kadi hupita kutoka mkono hadi mkono, hupelekwa na pikipiki hadi malishoni. Basi kitabu kitakuwa na mfuko wa kitambaa ndani ya jalada, na mfukoni mtakuwa na kadi.

Likabaki jambo moja. Nyuma ya sauti ya kibuyu, ukisikiliza vizuri, ilikuwapo pampu ya maji ikinguruma kutoka mashambani, na kijana, aliyekuwa na njia za kuiondoa, alitaka kuisafisha ili mawimbi ya maziwa yabaki peke yake. Mama alipoelezwa alikataa. Pampu ile, alisema, ni ya mwanawe, aliyeacha kuchunga baada ya ng'ombe kufa na sasa analima vitunguu. Ikiondolewa itakuwa kana kwamba asubuhi hiyo hakuwapo. Kijana alifunua daftari lake la sauti, akaongeza pampu katika orodha, akamwuliza mama jina la mwanawe, akaliandika mbele yake.